Kisa cha meza ya kloro pwani ya Kyeshero: vijana waliondoka, vijana wakarudi

Kila mukutano wa kartye hapa Goma utasikia ile maneno, vijana wa leo hawapendi kujitolea, wanataka paka pesa. Nimeisikia mpaka nimechoka, na wanaoisemaka zaidi ni wazee ambao hawajawahi kuomba kijana yeyote kitu chochote kwa jina lake. Basi tuchukue kisa kimoja tu tukifungue pole pole. Vijana wa avenyu moja waliitwa mara mbili kwa kazi ileile, mara ya kwanza waliondoka karibu wote, wawili tu njo walibakia, mara ya pili wakaikala, na hakuna aliyewalipa mushahara. Majina siweki, avenyu siiseme, anayeijua anaijua.

Kwanza kazi yenyewe, juu bila kuielewa hautaelewa kisa. Muji wetu uko juu ya ziwa Kivu lakini maji ya bomba hayafiki kila parseli, na pale inafika inakatikaka. Kisha volkano ya 22 mai 2021 ilikuwa mubaya zaidi, lava ilishuka mpaka Buhene na tangi kubwa la maji likaharibika, na tangu pale watu wengi waliokuwa na robine walijua njia ya ziwa. Asubui mapema utaona mama na bidoni ya manjano ya litre 20 mugongoni, watoto na zao za litre 5, ba chukudu, wale wa kusukuma baiskeli za mbao, wamepanga bidoni kumi na kitu juu ya mbao moja wakizipeleka juu kule kuuza. Sasa pale pwani kunawekwaka meza. Juu ya meza kuna ndoo ya dawa ya kloro na seringi isiyo na sindano. Unafika na bidoni yako imejaa, yule wa meza anavuta dawa, anatia mu bidoni, unafunga, unatikisa, anakuambia: mama, ngoja nusu saa mbele ya kunywa. Njo hivyo tu, bidoni moja inachukua muda wa kusema jina lako.

Ila nyuma ya meza kuna hesabu. Poda ya kloro inaitwa HTH, ile ya 70 kwa mia unachukua gramu 15 unatia mu litre moja ya maji, unapata dawa ya 1 kwa mia. Mililita moja ya dawa hiyo mu bidoni ya litre 20 ni miligramu 0,5 kwa kila litre. Lakini maji ya ziwa yenyewe yanakulaka kloro juu ya uchafu uliomo, kwa hiyo unatia zaidi, unangoja zile dakika 30, kisha unapima na kidonge cha DPD, maji yanageuka pinki, na ile pinki inakuambia kama kloro iliyobaki iko kati ya miligramu 0,2 na 0,5 kwa litre. Ikiwa hakuna pinki, mama amebeba maji ya bure. Ikiwa pinki ni kali sana, watu watakataa maji yako juu yananuka, kesho watapita mbali na meza.

Kolera sisi hatuihitaji kuelezewa. Wazee wetu waliiona julai 1994, wakimbizi wakifa kwa maelfu ndani ya wiki chache. Na 2023, vile watu walikimbia vita wakajaa mu makambi ya Kanyaruchinya na Bulengo, ikarudi na nguvu. Hapo njo kisa chetu kinaanzia: kulikuwa ONG moja, shirika la misaada, iliyolipa watu wa kukaa ku ile meza, kila siku, na faranga yao ya siku. Kolera ilipochoma mu makambi, ONG ikahamisha watu wake na vifaa vyake kule, na hapo sina lawama, kule njo kulikuwa moto zaidi. Pwani ikabakia na meza moja, hema lililopasuka, na kikasha cha poda kilichokuwa karibu kuisha.

Komite ya avenyu ikakutana. Ikaamua: vijana wajitolee.

Namna walivyoita njo ninataka tuangalie. Tangazo lilisomwa mu makanisa siku ya mungu, likasomwa tena ku mukutano wa kartye, na likatumwa kwa odio mu grupu ya WhatsApp, odio ndefu ya mzee shefu mwenyewe: vijana amukeni, hii ni nchi yenu, wenzenu ng'ambo ya mupaka, Rwanda, wanafanya umuganda, ile kazi yao ya jamii, na muji wao uko safi, ninyi munaikala ku vibaraza na simu. Saa ya kazi: saa mbili asubui mpaka saa sita. Siku: kila siku. Mpaka lini: haikusemwa. Nani anafanya nini: haikusemwa.

Siku ya kwanza vijana walijaa. Wengine walikuja kuona tu, kuna waliopiga foto na jile. Wiki ya pili wakawa wachache, wiki ya tatu meza ilikuwa na dada mumoja anayesomea kazi ya uinfirmie na kaka yake mudogo. Komite ikasema si tuliwaambia, vijana hawa.

Sasa tufungue.

Kitu cha kwanza ni saa. Watu wanachotaka maji mbele jua halijatoka, kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja, kisha tena saa kumi jioni. Saa mbili pwani imebakia na ba mama wa kufua na watoto wa kuogelea. Komite iliweka saa mbili juu saa mbili njo saa ya salongo, ile kazi ya jamii ya lazima, wamezoea hivyo tangu zamani, hakuna aliyeshuka pwani kuangalia. Vijana walifika wakakuta bidoni za kuhesabu, wakasimama masaa manne ku jua na seringi mu mukono bila kazi, na kijana ukimusimamisha bila kazi mara mbili, mara ya tatu hautamuona. Hapa hakuna uvivu, wanajua kuhesabu.

Cha pili, na hiki njo kinaumaka wengi kusema, ni pesa ya wale wa mbele yao. Ile seringi, ile ndoo, ile meza, jana kulikuwa mutu anayelipwa, leo unaambiwa fanya kwa moyo. Na vijana wa Goma wamelelewa mu hiyo shule. Ebola ilipotangazwa mu Kivu ya Kaskazini mwezi wa nane 2018 mpaka ilipoisha juni 2020, na mutu wa kwanza kugunduliwa hapa mujini julai 2019, tuliona Riposte, ile timu ya kupigana na Ebola, inavyopita na magari, na kazi zile zilizoitwa za jamii, kupima joto, kusimama ku ndoo za kunawa mikono, zote zilikuwa na listi ya malipo. Kijana aliyekuwa na miaka 15 wakati ule leo ni mukubwa, na kichwani mwake kazi ya jamii ina bajeti mahali, kama yeye haipati basi kuna mutu anayeikula. Si wazo la kichaa. Mu avenyu yetu neno lilizunguka kwamba ONG iliacha pesa mu mikono ya komite. Mimi niliuliza, kwa ninavyojua hakukuwa pesa, iliacha meza na poda. Lakini komite haikuwahi kusema hivyo mbele ya watu. Walijiona wametukanwa wakanyamaza, na kunyamaza kukachukuliwa kama ushahidi.

Cha tatu ni vile tunawaitaka vijana. Hapa ninatoka kidogo mu kisa. Wazee wetu walifanyishwa kazi ya lazima na Wabelgiji, mashamba ya lazima siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita ya pili ikapanda mpaka 120. Kisha Mobutu akaleta salongo, siku ya posho, samedi, mutu anatoka na jembe atake asitake. Hiyo imebakia mu mudomo wa ba shefu hata kama hawajui, wakitaka kuomba wanaamurisha, na wakiisha kuamurisha wanatukana. Na umuganda wa jirani usituletee kama mufano wa kujitolea, ule ni sheria ya inchi yao, posho ya mwisho wa mwezi, kuanzia miaka 18 mpaka 65. Unaweza kuupenda au kuuchukia lakini ni kitu kingine. Ukichanganya mambo mawili, unaomba moyo kwa sauti ya polisi.

Kuna na mambo ya nyumbani ambayo hakuna mutu wa komite aliyaona, na komite yote ilikuwa ya wanaume, si muniulize. Saa ile ya asubui wasichana njo wanachota maji ya nyumba. Dada mumoja aliacha juu mama yake alimuambia, kwa sauti yote jirani tukasikia, "unaenda kutia dawa mu maji ya watu, na hapa bidoni zetu zinalia, wewe ni mutoto wa nani?" Utajibu nini?

Sasa mara ya pili. Yule dada wa uinfirmie, aliyebakia na kaka yake, hakuitisha mukutano. Alianza kwa kuandika tu, siku kadhaa, ku karto ya sabuni: saa hii bidoni ngapi zimepita, ngapi zimetiwa dawa, ngapi zimepita bila kusimama. Ikaonekana wazi kwamba bidoni nyingi zinapita mbele saa moja. Akapeleka karto yake kwa titilere wa santre ya afya, yule mama anayesimamia ba infirmie, na pale akapata vitu viwili: poda, juu zone ya afya ilikuwa nayo kidogo kwa ajili ya kolera, na mafundisho ya jioni moja kwa watu wake. Santre zetu tayari zina ba RECO, wale relais wa jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba, nao ni wa kujitolea, wakipata paka kitu kidogo siku za chanjo. Titilere alijua kuishi na watu wa kujitolea. Komite haikujua.

Kisha akaomba. Lakini aliomba mutu, hakuomba "vijana". Nilikuwepo siku moja alipomusimamisha motari mumoja, wa taxi ya pikipiki, pale kona, nitaandika vile nilisikia:

"Yaya, siku ya pili ya juma unaanza kazi saa ngapi?"

"Saa moja na nusu hivi, watoto wa masomo wakitoka. Juu ya nini?"

"Ninakuomba saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja. Siku ya pili tu. Wiki nne tu, kisha uko huru, hata usiponiaga. Utakuwa na rafiki yako yule wa parseli ya kijani, naye nimemuuliza, amesema wewe ukikubali anakubali."

Akacheka. "Na rafiki yangu umemuambia mimi nimekubali?"

"Nimemuambia ukikubali."

Alikubali. Angalia kilichomo mu maneno yale. Siku moja kwa wiki, haimukoseshi kazi yake, juu saa moja na nusu anakuwa tayari ku pikipiki yake. Mwisho unajulikana, wiki nne, na watu wengi ukiwapa mulango wa kutokea hawautumii. Rafiki yuko naye, hatakaa peke yake ku baridi ya asubui. Na aliombwa yeye, na sababu za yeye. Kama ni siri ya kisa hiki basi ni hiyo, mengine yote ninayoandika chini ni ya kusaidia.

Kwa wasichana alifanya kitu kingine. Alienda kwa ba mama. Akapanga kwamba yule aliye ku meza bidoni za nyumba yake zitachotwa na mwenzake wa zamu nyingine na kupelekwa na chukudu mumoja wa avenyu, ambaye alikubali kubeba bidoni mbili bure mu safari yake ya kwanza. Watu wengine walisema huo si kujitolea tena, ni kubadilishana. Mimi ninasema acheni hizo. Mutoto akijitolea na nyumba yao ikalala bila maji, aliyejitolea ni mama yake, na yeye hakuulizwa.

Pesa. Kulikuwa gharama, ndogo lakini ipo: seringi, vidonge vya kupimia, sabuni, chai na mikate ya asubui. Ba mama wa samaki na ba chukudu walikotiza, ba chukudu hasa juu wanauza maji, na maji yenye dawa wanayasifia kwa wateja wao. Kila siku ya posho jioni dada alituma foto ya ukurasa mu grupu: imeingia hii, imetoka hii, imebakia hii, na chini jina la aliyenunua. Hata wiki ambayo hakukuingia kitu alituma. Yale maneno ya "komite inakula" yalikufa bila mutu kuyajibu. Kuna mutu aliandika mu grupu kwamba ni aibu kuonyesha pesa ya mikate mbele ya watu wote, akajibiwa na vicheko.

Poda haikuguswa na kila mutu, hiyo niliipenda sana. HTH inachoma macho na mapafu, na ukiifungulia ndani ya nyumba utajua. Kutayarisha dawa ya siku kulibaki kwa watu watatu wakubwa waliofundishwa, nje, ku upepo, na ga za plastiki mikononi. Watoto wa chini ya miaka 18 waliruhusiwa kuandika ku karto, kuelekeza watu na kuhesabu dakika, seringi hapana. Mara mingi tunaita vijana kujitolea kama vile miili yao nayo ni ya bure. Kijana akiumia ku kazi ya jamii nani analipa opitali? Uliza hilo ku komite yako uone watakavyoangaliana.

Na kuna atestasio. Ba shefu wanacheka vijana juu ya karatasi, mimi sicheki. Mu muji huu kila tangazo la kazi linaomba uzoefu, miaka miwili, miaka mitatu, na mutu aliyemaliza univ jana anautoa wapi. Titilere alikubali kusaini atestasio kwa anayefikisha miezi mitatu, na masaa yaliyoandikwa ku karto, si ya kukadiria. Mumoja aliyekuja mara mbili tu aliomba yake ionyeshe miezi mitatu, na baba yake alipiga simu. Alinyimwa. Kisha pale zile karatasi zikaanza kuwa na thamani.

Haikuwa nyepesi yote. Kijana mumoja, wa zamu ya siku ya ine, alianza kuomba faranga 100 kwa bidoni, "ya chai". Watu hawakugombana naye, walifanya kile watu wa Goma wanafanyaka, walipita mbali na meza bila kusema kitu, na bidoni zilizotiwa dawa siku ile zilishuka, karto ilionyesha mbele ya mutu yeyote kumushitaki. Wakakaa naye. Akasema wazi: baba hayupo, ana wadogo wane, asubui ile anayotoa bure wenzake wanabeba bidoni za ba mama wa restora na wanapata ya kula. Grupu ikagawanyika. Kuna waliotaka atolewe. Wakaamua atoke ku seringi, na yule mama wa samaki akamutafutia bidoni za kubeba ku restora mbili, kwa malipo, na akitaka kuja siku ya mungu aje. Mimi sikukubaliana nao kabisa, niliona angerudisha zile faranga kwanza, hata kidogo kidogo, juu waliolipa ni watu maskini kama yeye. Lakini ninakubali kitu kimoja: waliona kwamba hakuwa na nafasi ya kujitolea, na mutu asiye na nafasi hiyo asiombwe, atafutiwe kazi. Ba shefu wetu wanawaomba hasa wale, juu wako karibu na hawana kazi, kama vile kukosa kazi ni kuwa na muda.

Na mzee shefu je? Alikasirika mwanzoni. Dada alipita pembeni yake, akaenda santre bila kumuaga, na kwetu hiyo si kitu kidogo. Ilibidi aende na mwenye kanisa mumoja kumuomba radhi ku parseli yake, akamuambia, "Papa shefu, kazi ni yako, sisi ni mikono," na wote wawili walijua si kweli lakini ilisaidia. Sasa shefu anashuka pwani siku ya posho, anasalimia, anauliza karto. Hilo ni nzuri kuliko odio zake.

Leo asubui zote za juma zina watu, wengi walimaliza wiki nne zao wakaomba zingine, wengine waliondoka na wakaleta mutu wa kuwafuata. Jioni njo shida, saa kumi hakuna mutu, wanafunzi wako njiani, ba motari wako ku pesa yao nzuri, na wanaochota jioni wanakunywa bila dawa. Komite inaandika mradi wa kupeleka kwa bayeri, wale wanaotoaka pesa za misaada, ili walipwe watu wa jioni. Vijana hawakukataa, walijibu na masharti yao mu grupu: wa jioni walipwe kama kazi na isemwe hivyo tangu mwanzo, asubui ibakie kama iko, na ukurasa wa pesa ya bayeri nao utumwe kila siku ya posho jioni. Sharti hilo la mwisho komite haijalijibu bado.